Misioni ya Waingereza katika maji ya Kalemie: kutoka Mtowa hadi Kavala

Ukimwuliza kijana Mprotestanti wa Kalemie injili ilifika lini katika mji wake, mara nyingi atakujibu kwa hesabu ya jumuiya yake mwenyewe: Wametodisti walikuja wakati ule, Wapentekoste wakati huu, Waanglikana baadaye. Majibu hayo si ya uongo. Lakini yanaruka ukurasa mzima. Miaka 12 kabla ya Mbelgiji kujenga ngome iliyoitwa Albertville, wamisionari Waprotestanti kutoka Uingereza walikuwa wamekwisha kupiga kambi katika pwani hii, kaskazini ya mlango wa mto Lukuga, mahali panapoitwa Mtowa. Baadaye wakahamia kisiwa cha Kavala. Kisha wakaondoka.

Katika makala hii tunakusanya yale yanayojulikana kuhusu watu hao, na kuhusu Waingereza wengine waliopita Kalemie wakiwa na Biblia, na ramani, na hata mizinga. Tunaandika kwa sababu jumuiya kadhaa za mtandao wetu huulizwa na serikali na wageni juu ya "urithi wa Kiprotestanti" wa mji, nazo hukosa la kuonyesha. Wakatolika wanalo la kuonyesha: wana Mpala, wana Moba, wana makanisa ya matofali ya zamani. Sisi tuna nini?

Kwanza neno lenyewe. Hapa Kongo, kwa desturi tuliyorithi kutoka Kifaransa, kila mzungu anayesema Kiingereza huitwa Mwanglo-Saksoni, awe ametoka London, Glasgow au Chicago. Kwa asili Waanglo-Saksoni walikuwa makabila ya Kijerumani yaliyovuka bahari na kukaa Uingereza tangu karne ya 5. Nao walipokea injili kwa mmonaki aliyeitwa Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori wa Roma akafika Canterbury mwaka 597. Ni vizuri kulikumbuka jambo hilo pale tunapobishana na ndugu zetu Wakatolika kuhusu nani alitangulia. Wale waliotuletea injili kwa Kiingereza walikuwa wao wenyewe wameletewa kutoka Roma.

Waliopita kabla ya misioni

Mwingereza wa kwanza tunayemjua katika visiwa vya upande wetu ni John Hanning Speke. Mwezi Machi 1858, mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa Ujiji, Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, karibu na Kavala. Hakuja kuhubiri. Alikuja kumwomba mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, amkodishe jahazi lake, asipate. Alichopata katika safari ile ni mdudu aliyeingia sikioni usiku. Speke alijaribu kumtoa kwa kisu, akaumia vibaya, na sikio hilo likawa kiziwi.

Miaka 11 baadaye, Julai 1869, David Livingstone alivuka kutoka Ujiji na kupitia pwani ya Waguha akielekea Manyema. Waguha wa vitabu vya zamani ndio watu ambao leo tunawaita Waholoholo. Livingstone alikuwa ameletwa Afrika mwaka 1841 na Chama cha Misioni cha London, kile ambacho Waingereza hukiita kwa herufi LMS, ingawa alikiacha mwaka 1857. Hakujenga kituo katika pwani yetu. Lakini njia aliyoifuata ilikuwa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Mwishoni mwa njia hiyo, huko Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni na wengine wakizama mtoni. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwasha moto katika makanisa. Misioni ya Tanganyika ilizaliwa katika moto huo.

Kisha akaja Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini, mwana wa kasisi wa Anglikana. Mwezi Mei 1874 alizunguka sehemu ya kusini ya ziwa, akaingia kwenye Lukuga kwa mtumbwi mpaka akazuiwa na matete na mafunjo yaliyoziba mto. Alitangaza kwamba amepata mlango wa ziwa, mahali maji yanapotokea. Stanley akafika mwaka 1876, akaona maji yamesimama, akasema Cameron amekosea nusu: huo utakuwa mlango siku moja, lakini bado. Ugomvi huo uliendelea kwa miaka, na aliyeutatua ni mmisionari. Tutarudi kwake.

Karanga za Leeds na makaburi ya Ujiji

Mjini Leeds, Uingereza, aliishi tajiri mmoja wa ajabu, Robert Arthington, aliyekula chakula cha maskini na kutoa mali yake kwa misioni. Aliahidi LMS pauni 5,000 ili wafungue kazi katika Ziwa Tanganyika na waweke stima majini. Tunasema "karanga" katika kichwa kidogo hapo juu kwa maana ile ya wazee wetu: mtu anatafuna karanga ili jirani ale nyama. Kwa fedha za wakati ule, kiasi hicho kilikuwa kikubwa sana.

Msafara uliondoka pwani ya Bahari ya Hindi mwaka 1877. Walijaribu kutumia magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama walivyozoea wamisionari wa Afrika Kusini, lakini mbung'o waliwaua ng'ombe na safari ikavunjika katikati. Roger Price alirudi kwao kuwashauri wakuu. Wengine wakaendelea na wapagazi. Tarehe 23 Agosti 1878 watatu walifika Ujiji: J. B. Thomson, nahodha Edward Coode Hore, na fundi Walter Hutley.

Kabla ya mwezi mmoja kupita, Thomson alikuwa amekufa. Arthur Dodgshun, aliyechelewa na mizigo njiani, alifika Ujiji mwishoni mwa Machi 1879 akafa mwanzoni mwa Aprili, baada ya siku chache tu. Dr. Joseph Mullens, katibu mkuu wa LMS mwenyewe, mzee aliyeacha ofisi yake ya London ili kuwaongoza wasaidizi wapya, alifia njiani karibu na Mpwapwa tarehe 10 Julai 1879. Hao ni watatu katika muda wa mwaka mmoja, na kazi upande wa Kongo haikuwa imeanza bado.

Mtowa, ambayo waliiita Plymouth Rock

Mwezi Oktoba 1879 William Griffith na Walter Hutley walivuka ziwa, wakakaa Mtowa katika nchi ya Waguha. Baadaye walihamisha kituo kwenye kilima cha jirani, Butonga, wakakiita Plymouth Rock. Jina hilo halitokani na dhehebu la Ndugu wa Plymouth, kama baadhi ya wasomaji wetu wa Garenganze wanavyoweza kudhani. Ni jina la mwamba wa Marekani ambapo, kwa mapokeo, Wapuritani waliokimbia mateso ya dini Uingereza walitua mwaka 1620. LMS ilikuwa hasa ya Wakongregesheni, Wakristo ambao kanisa lao la mahali hujitawala bila askofu, na waliwahesabu Wapuritani hao kuwa babu zao wa imani.

Kwa hiyo kwa upande wa Kiprotestanti, Mtowa ni kituo cha kwanza katika pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika. Mpala ilianzishwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883, nayo ikakabidhiwa Mababa Weupe mwaka 1885. Mababa Weupe wenyewe walikuwa wametua upande wa Kongo tangu 1880 huko Massanze, kaskazini zaidi. Tofauti ya wakati ni ndogo sana, na hatuoni faida ya kuifanya mashindano.

Kwa nini Mtowa? Jibu halipendezi, na katika historia nyingi za kanisa halisemwi kwa sauti. Mtowa ilikuwa bandari. Misafara yote iliyotoka Ujiji kwenda Manyema ilitua hapo au karibu na hapo, na iliyorudi kutoka Manyema ikiwa na pembe na watu waliofungwa minyororo ilisubiri mashua hapo. Wamisionari walichagua mahali penye njia, chakula na barua. Njia hiyo ilikuwa ya wauza watumwa. Chumvi, nguo, barua kutoka Zanzibar, hata mashua za kuvukia, walivipata kwa hisani ya Waarabu wa Ujiji. Hore alikaa nao kwa busara, akaheshimiwa nao, na hakuwa na askari. Alfred Swann, baharia aliyekuja kumsaidia kuanzia 1882, alikutana safarini na msafara mkubwa wa Tippu Tip, akaona wanawake wakibeba pembe na mtoto kwa pamoja. Aliandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1910, nacho bado kinasomwa.

Je, walifanya vibaya kukaa pale? Sisi tunaona kwamba hawakuwa na nguvu ya kuzuia lolote, na kuondoka kusingemfungua mtumwa hata mmoja. Lakini pia hatuwezi kuwaita wakombozi wa Waholoholo, kama vijitabu vya Jumapili vya Uingereza vilivyopenda kusema. Walikuwa mashahidi. Waliandika waliyoyaona, na maandiko hayo leo ni kati ya ushuhuda mkubwa tulio nao kuhusu biashara ile katika pwani yetu.

Jambo jingine linalosemwa kidogo: hawakuwa peke yao. Misafara yao ilibebwa na Waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi, na mashua zao ziliendeshwa na watu wa ziwani. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Mkristo wa Kalemie anayesali leo kwa Kiswahili anatumia lugha ileile iliyotumika kituoni Mtowa kwa kugawa posho na kuuliza njia, ingawa Kiswahili chetu kimekwisha kukua kwa namna yake. Majina ya wapagazi na mabaharia hao hayakutunzwa kwa uangalifu uliotumika kwa majina ya wazungu. Mwanafunzi wa theolojia anayetafuta mada ya kazi ya mwisho anaweza kuanzia hapo.

Nahodha Hore na mto Lukuga

Hore hakuwa mhubiri kwa kazi, alikuwa baharia. LMS ilimtuma kwa ajili ya maji. Mashua yake ya kwanza, Calabash, ilikuwa mtumbwi wa gogo ulioongezwa mbao na kutiwa tanga. Kwa chombo hicho alizunguka ziwa lote, akapima pwani, akaandika majina ya watu na visiwa. Mwaka 1879 aliingia Lukuga na kukuta mkondo unakwenda kwa nguvu kuelekea magharibi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mskoti Joseph Thomson (tusimchanganye na J. B. Thomson aliyekufa Ujiji) alifika akaona vilevile.

Maelezo yakawa rahisi. Cameron na Stanley wote wawili walikuwa wamesema walichokiona. Ziwa lilikuwa likipanda mwaka hata mwaka huku Lukuga imezibwa na matete, mchanga na matope. Mnamo 1878 hivi, maji yalizidi, yakabomoa kizuizi, yakashuka kwenda Lualaba. Baada ya hapo ziwa likashuka kwa miaka mingi, na Hore akawa anaweka alama Ujiji kuona limeshuka kiasi gani.

Tunakaa hapo kidogo kwa sababu kila mtu wa Kalemie anajua maana yake. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko mjini kwetu. Katika miaka ya karibuni, tangu 2020, ziwa limepanda tena, limeingia nyumba, limekula barabara ya ufukoni, limewahamisha watu. Wataalamu wanaojadili mchanga wa Lukuga leo wanajadili jambo ambalo mmisionari mmoja na mabaharia wake wa Kiafrika walilichunguza kwa mtumbwi wa gogo. Daftari la Hore ni urithi wa kanisa, na ni habari ya maji pia. Kwa maoni yetu, kwa mji huu, sehemu hiyo ya pili ina thamani kubwa kuliko mahubiri yake yote.

Kavala

Kituo cha Plymouth Rock hakikudumu. Homa, upungufu wa watu na mabadiliko ya mipango vilikimaliza kabla ya mwaka 1885. Hore alikuwa amerudi Uingereza akaleta mashua ya chuma iliyoitwa Morning Star, iliyokatwa vipande na kuvutwa kwa mikokoteni kutoka pwani hadi Ujiji, ambako iliingia majini mwaka 1883. Akaamua makao makuu ya kazi ya majini yawe kwenye kisiwa cha Kavala, mbele ya pwani ya Mtowa. Kisiwa kina bandari tulivu, na misafara haikipiti.

Mwanzoni mwa 1885 mkewe, Annie Hore, alifika ziwani na mtoto wao mdogo, Jack. Alikuwa amebebwa kutoka pwani katika kiti cha magurudumu ambacho wagonjwa wa Uingereza hukalia, kikatiwa miti na kuwekwa mabegani mwa wapagazi. Alisafiri kwa muda wa siku 90 hivi. Alichapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1886, chenye jina linalotaja kiti hicho. Wasomaji wa London walicheka na kustaajabu. Walioshika miti hatujui walisema nini.

Kavala kulikuwa na nyumba, bustani, karakana ya mashua na shule. Pamoja na Hore walikuwepo wengine, miongoni mwao David Picton Jones, mtu wa Wales, ambaye baadaye alifanya kazi ndefu upande wa kusini. (Mtu wa Wales hatafurahi kuitwa Mwanglo-Saksoni. Waanglo-Saksoni ndio waliowasukuma babu zake milimani.)

Stima aliyoiota Arthington ilifika pia, kwa njia nyingine kabisa: Zambezi, Shire, Ziwa Nyasa, kisha kwa mabega ya watu hadi kusini ya Tanganyika. Jina lake lilikuwa Good News, yaani Habari Njema. Bodi lake liliingia majini mwaka 1885 huko Liendwe, na fundi aliyeliunga, James Roxburgh, akafa mwaka huohuo. Ilikamilika kuwa stima mwaka 1887. Ni chombo cha kwanza cha moshi katika Ziwa Tanganyika, nacho kilikuwa cha misioni.

Lakini matunda? Mwaka 1888 Hore aliondoka ziwani kwa afya mbaya. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 LMS ilikuwa imekusanya watu wake wote kusini, Fwambo na Niamkolo, katika Zambia ya leo. Kavala ikaachwa. Miaka karibu kumi ya kazi katika pwani ya Kalemie haikuacha kanisa lililosimama. Iliacha makaburi, ramani na madaftari.

Kwa nini waliondoka, na kwa nini hawakurudi

Sababu za afya zinajulikana, na zilikuwa za kweli. Pwani ya kusini ilikuwa na nyanda za juu jirani, na njia ya Ziwa Nyasa ilikuwa ya Waskoti, watu wa lugha moja. Lakini kulikuwa na siasa pia. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliacha pwani ya magharibi mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na ya mashariki ikawa ya Wajerumani. Mkataba wa Berlin uliahidi uhuru kwa wamisionari wa dini zote. Kwa vitendo, milango haikuwa na upana mmoja.

Tarehe 30 Desemba 1891 Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alianzisha ngome aliyoiita Albertville kwa heshima ya mtoto wa ndugu wa mfalme, Albert. Ngome ya kwanza haikuwa mahali penyewe ulipo mji wa leo. Mwaka 1892 ilizingirwa na watu wa Rumaliza wa Ujiji. Mji uliokuja kukua kwenye Lukuga ulipokea jina hilo, ukalibeba hadi 1966 ulipoitwa Kalemie.

Mwaka 1906 Leopold alitia sahihi mapatano na Vatikani yaliyoipa misioni ya Kikatoliki ardhi kwa masharti ya kufungua shule. Chini ya ukoloni wa Ubelgiji, misioni za Kikatoliki ziliitwa "za kitaifa", na za Kiprotestanti, ambazo nyingi zilikuwa za Waingereza, Wamarekani na Waskandinavia, ziliitwa "za kigeni". Ruzuku za shule zilikwenda kwa za kitaifa tu hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Anayeshangaa kwa nini Moba walipata seminari mapema na padri wa kwanza Mkongomani, Stefano Kaoze, aliyewekwa wakfu mwaka 1917, ilhali Waprotestanti wa Albertville walikuwa bado wanasali chini ya mwembe, apate jibu mojawapo hapo. Si jibu lote. Mababa Weupe walikaa. Wa LMS waliondoka.

Waingereza wenye mizinga, 1915

Mara ya pili Waingereza walipofika kwa wingi hawakuwa wamisionari. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia stima ya Wabelgiji Alexandre Delcommune karibu na Lukuga. Wajerumani wakawa mabwana wa ziwa. Uingereza ikatuma mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa gari la moshi hadi Katanga, zikavutwa porini kwa mitambo ya mvuke na ng'ombe na maelfu ya mikono ya watu, zikashuka Lualaba, na kutoka Kabalo zikapanda reli mpya hadi Lukuga. Zilifika mwishoni mwa Oktoba 1915.

Mkuu wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa majivuno aliyevaa sketi mbele ya watu, na Waholoholo walipata mengi ya kusimulia. Tarehe 26 Desemba 1915 alikamata meli ya Kijerumani Kingani, akaibadili jina kuwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazama. Wajerumani waliouawa ndani ya Kingani walizikwa Lukuga. Hadithi hiyo ndiyo iliyomchochea C. S. Forester kuandika riwaya yake ya 1935, The African Queen. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe Kigoma. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Mwaka 1997 ilibeba maelfu ya wakimbizi wa Kongo kuwarudisha nyumbani, na wako waamini wetu wanaoikumbuka kwa sababu hiyo tu.

Mwaka huohuo wa 1915, bila mizinga na bila mtu wa magazeti, Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza katika nchi ya Waluba. Kazi yao ilizaa jumuiya ya Kipentekoste ambayo leo ina waamini wengi katika Katanga ya zamani. Kuanzia hapo ndipo injili ya Kiprotestanti iliyokaa ilipoelekea kwetu: kutoka kusini na magharibi kwa reli, pamoja na wafanyakazi Wametodisti, Wapentekoste na wa Garenganze, na kutoka kaskazini kwa ziwa, pamoja na Wabembe na watu wa Uvira waliofundishwa na Waswidi, Wanorwe na Wamarekani. Haikuja kutoka Mtowa. Waliopanda makanisa ya Kalemie walikuwa hasa Wakongomani, makarani, mafundi wa reli, wavuvi na wake zao. Hilo tunalisema bila kulainisha. Kutafuta asili yetu kwa Hore kungekuwa kuwanyang'anya hao haki yao.

Kwa ukamilifu tuongeze wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliokaa Albertville mwaka 1960. Tarehe 8 Novemba 1960 doria yao ya watu 11 ilishambuliwa Niemba, kwenye njia ya reli, na 9 wakapoteza maisha. Walisema Kiingereza, lakini walikuwa karibu wote Wakatolika, na Mwairishi ni wa mwisho duniani kukubali kuitwa Mwanglo-Saksoni.

Kilichobaki, na pa kukitafuta

Kusini ya ziwa, karibu na Mpulungu, mnara na kuta za kanisa la mawe la Niamkolo bado vimesimama. LMS ililijenga mwaka 1895 na 1896, likaungua mwaka 1908, na kituo kikaachwa wakati wa ugonjwa wa malale. Zambia imelifanya ukumbusho wa taifa. Kazi ya LMS huko iliingia katika Kanisa la Muungano la Zambia mwaka 1965. Kwetu Mtowa na Kavala hakuna jengo la kulinganisha nalo. Tena tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lililokuwa la 6.8, liliharibu majengo mengi ya zamani mjini, na maji yanayopanda yanaendelea na yale ya ufukoni.

Karatasi zipo. Barua za wamisionari wa Ziwa Tanganyika zimehifadhiwa London katika maktaba ya SOAS, pamoja na hifadhi yote ya LMS. Maandiko ya Hore yalichapishwa mwaka 1971 na shajara za Hutley mwaka 1976, yote mawili yakihaririwa na James B. Wolf. Shajara ya Hutley ndiyo yenye habari nyingi za maisha ya kila siku ya Ujiji na Uguha miaka ile: bei za vyakula, ugomvi, magonjwa, majina ya watemi. Inasomeka kwa Kiingereza. Kwa Kanisa la Kristo katika Kongo, ambalo tangu 1970 limekusanya jumuiya zetu zote chini ya paa moja, kutafsiri kurasa zinazohusu Uguha kwa Kiswahili na Kifaransa si gharama kubwa kuliko mkutano mmoja wa siku tatu.

Pili ni masimulizi. Wazee wa Mtowa na wavuvi wanaolala Kavala wana majina ya mahali ambayo hayamo katika ramani. Jumuiya zenye parokia upande huo tunaziomba zipeleke vijana wawili wenye daftari na simu, waulize mambo matatu tu: mahali gani panaitwa pa wazungu au pa misioni, kaburi gani halina mwenyewe, na ziwa lilifika wapi enzi za babu. Wasichimbe chochote, wasihamishe jiwe. Wapige picha, waandike jina la aliyesimulia kama amekubali, na wapeleke nakala moja kwa katibu wa jumuiya na nyingine kwenye ofisi ya utamaduni ya jimbo. Kavala hufikiwa kwa urahisi zaidi katika miezi ambayo upepo wa kusini umetulia, kwa hiyo safari ipangwe kabla ya mvua kubwa.

Tatu ni madaftari yetu wenyewe ya ubatizo na ndoa, yale ya miaka ya 1940 hadi 1970. Mengi yako ndani ya masanduku ya mbao katika nyumba za wachungaji, na baadhi ya nyumba hizo ziko chini kuliko mstari ambao maji yalifika mwaka 2024. Yainuliwe juu ya kabati leo, yapigwe picha kesho.